Zamu Thelathini na Nne za Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alizikwa Jumapili, baada ya swala ya adhuhuri. Siku nane baadaye, Jumatatu, kompyuta ya hospitali inaonyesha kwamba alifika kliniki ya kisukari saa kumi na mbili na dakika arobaini na tatu asubuhi. Alifika tena Jumanne. Alifika Jumatano. Kwa jumla alifika siku thelathini na nne za kazi, bila kukosa hata moja na bila kuchelewa, mwanamke ambaye alipokuwa hai hakuna shughuli aliyowahi kuifikia kabla ya saa nne.

Aliyekuwa akifika ni mimi. Siku hizo hizo thelathini na nne, kompyuta hiyo hiyo inaonyesha kwamba mimi, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa mwisho, nimefanya mazoezi ya wodini kwa saa sifuri. Anayetaka kufanya mtihani wa leseni sharti awe na saa mia mbili na arobaini.

Nitaeleza kwa mpangilio. Nimeshaambiwa na watu watatu, katika ofisi tatu, kwamba maelezo yangu hayana mpangilio.

Mimi ni mtu wa Tabora. Kigali nililetwa na ndoa, na ndoa ikanileta moja kwa moja kwenye nyumba ya mama mkwe, Biryogo, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana na mmoja amebeba ndoo, mwingine lazima arudi nyuma. Mume wangu ni dereva wa lori, anakwenda Dar es Salaam na kurudi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili ambao hawakuchaguana. Yeye alikuwa Mnyarwanda aliyezaliwa na kukulia Bujumbura, fundi cherehani tangu usichana wake, na Kiswahili chake kilikuwa cha haraka na chenye meno. Changu alikiita Kiswahili cha redio. "Subirini," alikuwa akiwaambia wateja wake nikianza kuzungumza, "taarifa ya habari imeanza."

Hakuwahi kuvaa kastabini. Alisema kastabini ni ya wanafunzi. Sindano aliisukuma kwa ncha ya kidole, kwenye kaunda suti, kwenye mapazia, kwenye turubai za vibanda, na pasi ya mkaa aliijaribu joto kwa kidole hicho hicho, kwa mate. Baada ya miaka arobaini na zaidi, ncha za vidole vyake zilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Hili nililigundua kwa macho ya kiuguzi nilipokuwa nikimkata kucha, nikaliandika kwenye daftari langu. Mimi huandika kila kitu. Sikujua nilichokuwa nimekiandika.

Kidonda cha mguu kilipokataa kupona, nilimpeleka hospitali moja ya binafsi ambayo jina lake naliacha. Walikuwa ndiyo kwanza wamefunga mashine za alama za vidole. Kadi za karatasi zilikuwa zimekusanywa na kupelekwa ghalani. Dirishani alikaa msajili, mwanamke mwenye kucha ndefu za kijani zilizokuwa zikigonga kibodi kabla ya vidole vyenyewe, na mbele yake kilikuwepo kioo kidogo chenye ukubwa wa stempu.

Mama mkwe aliweka kidole. Taa nyekundu. Akaweka kingine. Nyekundu.

"Futa na kitambaa," alisema msajili.

Akafuta. Nyekundu.

"Sugua kwa paji la uso, kipate mafuta kidogo."

Akasugua. Nyekundu. Tulipita vidole vyote kumi, foleni nyuma yetu ikianza kuguna.

"Mama, wewe hauna vidole," alisema msajili.

"Ninavyo kumi. Hesabu."

"Iko kumi, lakini mashine haioni."

"Basi mgonjwa ni mashine. Mpelekeni kwa daktari wa macho."

Watu nyuma walicheka. Msajili hakucheka. Alinyoosha shingo akachungulia nyuma ya mama mkwe. "Murwaza iko wapi?"

Kwa asiyeijua Kigali: murwaza ni yule anayekuja na mgonjwa. Mgonjwa haendi hospitali bila murwaza. Yeye ndiye anayemwogesha, anayemletea uji, anayeshika vipimo vyake na kujibu maswali ya daktari kabla mgonjwa hajafungua kinywa, na akilazwa, murwaza hulala kwenye mkeka chini ya kitanda. Muuguzi akitaka kitu kutoka kwa mgonjwa, humwomba murwaza. Hivyo ndivyo kazi inavyofanyika, na hakuna aliyeona ajabu katika kilichofuata.

"Ni mimi," nilisema.

"Weka chako, basi. Iko watu mingi nyuma yako."

Nilisita. Muhula uliopita tu tulikuwa tumefundishwa darasani juu ya mashine hizi. Mkufunzi alituambia tuandike: kidole kimoja, mgonjwa mmoja. Niliandika na kupigia mstari kwa wino mwekundu. Tulifanya hata mazoezi, tukisomeshana vidole wenyewe kwa wenyewe kabla ya kugawiana vidonge vya bandia.

Mama mkwe aliona nimesita. "Unaniosha makalio, unabeba mkojo wangu," alisema kwa sauti ya kutosha foleni nzima, "leo kidole ndicho kimekuwa kitakatifu? Weka, mukazana. Miguu inaniuma."

Mukazana ni mkwe wa kike. Alipenda kuniita hivyo mbele za watu, kwa namna mtu anavyotaja cheo cha mtumishi. Niliweka kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Taa ikawa kijani. Msajili akaandika jina lake, umri wake, kisukari chake, kundi lake la damu, na kwa mwaka mmoja na ushee, kila baada ya wiki mbili, tulikwenda pamoja na mimi nikaweka kidole. Yeye lilimfurahisha sana jambo hili. Nikienda sokoni alikuwa akinipigia kelele kutoka kwenye cherehani: "Angalia kidole changu! Usikiache kwa muuza nyanya!"

Alifia nyumbani, Jumamosi asubuhi, chai yake ikiwa nusu kikombe. Hospitali hatukuwaambia. Sijawahi kusikia mtu wa Biryogo aliyetoka msibani akaenda dirishani kuwaarifu kwamba mgonjwa wao hatakuja tena. Matanga yalikwisha, mume wangu akarudi barabarani, na chuo kikanipangia mazoezi yangu ya mwisho. Kikanipangia hospitali ile ile.

Mkuu wa mafunzo wa pale ni mwanamke aliyekulia Uganda, na Kiswahili hukitumia pale tu anapotaka kumkaripia mtu. Siku ya kwanza alitukaripia wote kwa pamoja. Alisema daftari la mahudhurio limefutwa, kwa sababu wanafunzi wa miaka iliyopita walikuwa wakisainiana. "Daftari linadanganya. Kidole hakidanganyi." Maneno hayo yalikuwa yamechapwa na kubandikwa kwenye mlango wake. Kisha fundi wa mitambo akatupitisha mmoja mmoja kwenye mashine. Ilipofika zamu yangu mashine ilitoa mlio, na fundi akasoma kwenye kioo: kidole hiki kipo tayari.

"Wewe umeshaingia," alisema. "Pita."

Nilidhani chuo kilikuwa kimetuma alama zetu mapema. Nilipita. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi niliweka kidole kwenye mlango wa wodi, taa ikawaka kijani, mashine ikalia kama inavyowalilia wengine. Kifaa cha mlangoni hakionyeshi jina.

Wodini niliona kitu kingine, na hiki nacho nilikiandika. Muuguzi anapogawa dawa hubeba kisomeo kidogo mkononi. Mgonjwa anaweka kidole, faili linafunguka, dawa inatolewa. Kitanda cha nne alilala mwanamume aliyeungua na mafuta ya moto, mikono yote miwili imefungwa bendeji hadi kwenye viwiko. Muuguzi alipofika kwake, dada yake aliinuka kutoka kwenye mkeka, akafuta kidole kwenye kitenge, akakiweka. Kijani. Muuguzi hakupepesa hata jicho. Kitanda cha tisa, bibi aliyepooza upande mmoja. Kidole kilikuwa cha mjukuu wake. Hadi wiki ya tano nilikuwa na vitanda sita kwenye daftari langu, kila kimoja na tarehe na saa. Sikumwambia mtu. Mwanafunzi hamwambii muuguzi aliyesajiliwa kwamba amekosea, hasa mwanafunzi ambaye yeye mwenyewe amefanya kosa hilo hilo kwa zaidi ya mwaka.

Alhamisi ya wiki ya saba walibandika saa zetu. Mwenzangu mmoja, mwenye ulimi mrefu, ndiye aliyeliona jina langu kwanza.

"Sifuri? Wewe unayefika kabla ya jogoo?"

Nilikwenda kwa fundi wa mitambo. Alipekua, akaguna, akanigeuzia kioo. Niliona jina la mama mkwe, na chini yake, kama ziara za kliniki ya kisukari, ngazi ndefu ya saa za asubuhi ambazo nilizifahamu zote, kwa sababu ni zile zile zilizokuwa kwenye daftari langu.

"Huyu ni nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Anakuja sana."

"Amekufa."

Aliangalia kioo, akaniangalia, akarudi kwenye kioo. "Hapa iko hai," alisema.

Mwenzangu alinivuta pembeni kwenye ngazi. "Shoga, hayo usiyaseme kwa sauti. Ukisema maiti anakuja kazini, gari la Ndera halikawii." Ndera ni hospitali ya wagonjwa wa akili. Alicheka peke yake.

Ijumaa niliingia kwa mkuu wa mafunzo. Hakuniambia nikae. Nilieleza tangu kastabini hadi siku ile, naye alisubiri nimalize akiwa anakunja na kukunjua miwani.

"Kwa hiyo uliudanganya mfumo."

"Msajili aliniambia niweke."

"Na wewe ulikuwa umefundishwa."

Hilo lilikuwa kweli. Niliomba saa zangu zihamishwe kutoka kwenye faili la mama mkwe kuja kwenye langu. Alisema faili la mgonjwa ni siri na haliguswi kwa faida ya mwanafunzi bila ridhaa ya mgonjwa.

"Mgonjwa amefariki, mama."

"Kwa mujibu wa nani?"

"Tulimzika."

"Mfumo unasema alikuja jana." Alisema hivyo bila kutabasamu, na ninaapa hakuwa anatania. "Kamati itamwandikia. Akubali au akatae kwamba ziara hizo si zake, athibitishe kwa kidole. Orodha ya mtihani inabandikwa Ijumaa ijayo, saa tisa."

Barua waliiandika kweli. Ilianza: Ndugu Mgonjwa.

Nilimfuata sista kiongozi wa wodi, aliyeniona kwa siku zote thelathini na nne, aliyegeuza nami wagonjwa na kuosha nami vidonda vya mgongoni. Nilimwomba asaini kwamba nilikuwepo. "Nilikuona, dada yangu," alisema. "Kwa macho haya. Lakini daftari walilichukua. Nisaini wapi, kwenye kiganja?" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba akisaini ataulizwa kwa nini alimruhusu mtu asiye na saa kugusa wagonjwa, na yeye ana watoto wanasoma. Sikumchukia. Nilijitahidi.

Aliyenipa njia alikuwa msajili wa kucha za kijani. Alinikumbuka. Sasa kucha zilikuwa za zambarau.

"Ihangane, mama," alisema, yaani pole. "Mambo iko rahisi. Faili ya mukecuru, ile bibi mzee yako, inafunguka na kidole yako, si ndiyo? Njoo hapa. Mashine itauliza kama ziara ni yake. Wewe weka, bonyeza hapana. Kamati inapata jibu. Imekwisha."

Ilikuwa hivyo kweli. Kidole kimoja, na marehemu angeikana kazi yote niliyoifanya, saa mia mbili sabini na mbili zingekosa mwenyewe, na mkuu angekuwa na karatasi ya kumwezesha kunipa. Nilisimama dirishani. Nilikinyoosha kidole hadi nikahisi joto la taa ya kioo. Nyuma yangu mwanamume mmoja alifyonya, "Weka, mama, iko watu mingi nyuma."

Nilirudisha mkono mfukoni nikatoka kwenye foleni. Msajili alinitazama kama mtu aliyempa ombaomba chakula akakitema.

Mume wangu alifika Jumapili usiku kutoka mpakani Rusumo. Nilipomweleza alicheka kwanza, kicheko kirefu, kisha akaacha ghafla. "Kwa hiyo kwa wiki saba mama yangu amekuwa mzima na hukuniambia," alisema. Akageukia ukuta. Lakini asubuhi alivaa shati la kola, akaenda ofisi ya serikali ya mtaa, akakaa kwenye benchi hadi mchana, akarudi na cheti cha kifo. Alikiweka mezani karibu na cherehani, akalala.

Usiku huo niliandika barua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wangu: nilichokifanya, siku nilipokifanya, nani alikuwepo, zamu zote kama zilivyo kwenye daftari, na cheti. Ukurasa wa pili ulikuwa wa vitanda sita. Sikukusudia kuuandika. Nilianza na sentensi moja tu, ya kueleza kwamba kosa langu si la peke yangu, na nikiandika hivyo nikamkumbuka dada wa kitanda cha nne. Ana mimba ya miezi minane. Aliwahi kuniambia kwamba atajifungulia hapo hapo, kwa kuwa sasa anawafahamu. Siku atakayokuja na uchungu ataweka kidole, na mashine itamfungulia faili la kaka yake, pamoja na dawa zake na kundi lake la damu.

Jana, Jumanne, mkuu wa mafunzo alisoma ukurasa wa kwanza haraka na wa pili polepole. Alifungua droo, akatoa kitu cha kung'olea pini, akaing'oa pini ya barua yangu. Ukurasa wa kwanza aliuacha mbele yake. Wa pili aliusukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Huu si wako," alisema. "Wewe umekuja kwa saa zako."

"Ni vitanda sita ninavyovijua mimi tu. Vingine sivijui."

"Wewe ni muuguzi?"

"Bado."

"Ukitaka kuwa, chukua karatasi yako. Hii ya kwanza naipeleka kwenye kamati leo, na Ijumaa jina lako lipo. Unasikia? Lipo."

"Na dada wa kitanda cha nne?"

"Tutaangalia."

"Lini?"

"Unanihoji?" Alivua miwani. "Mtanzania, unanihoji ofisini kwangu?"

Stepla yake ilikuwa upande wangu wa meza. Niliuchukua ukurasa wa pili, nikaupanga chini ya wa kwanza, nikazigonga pamoja. Pini iliingia imepinda, nikagonga ya pili. Alinitazama nikifanya hayo yote. Kisha akaichukua barua, akaiweka ndani ya droo, akaifunga kwa ufunguo. Hakuigonga muhuri wa kupokelewa. Nilimwomba muhuri, akaniambia nifunge mlango nikitoka.

Leo ni Jumatano. Asubuhi fundi wa mitambo alinisajili upya kwa kidole cha kati cha mkono wa kushoto, na sasa nina saa nane. Nilipomuuliza kuhusu kile cha shahada alisema hawezi kukigusa hadi faili la mama mkwe lifungwe, na faili halifungwi bila cheti, na cheti kimo ndani ya droo. Kwenye rasimu ya orodha ya mtihani, ambayo nilimwomba anionyeshe, jina langu halijaingizwa wala halijakatwa. Mbele yake kuna alama ya kuuliza, kwa penseli.

Saa nane mchana mwanamume wa kitanda cha nne aliruhusiwa kwenda nyumbani. Mimi ndiye niliyembebea mfuko hadi mlangoni. Kisomeo kilihitaji kidole cha kuondokea, na dada yake, akishika mgongo kwa mkono mmoja, akaweka cha kwake. Nilimwambia kwamba akija kujifungua asiweke kidole hicho, aweke kingine chochote, na aseme kwa mdomo jina lake na damu yake. Alinitazama, akatazama sare yangu ya mwanafunzi.

"Muganga mkubwa anajua hiyo?" aliuliza.